Kufuli Tatu: Nani Ameshika Ufunguo wa Pakiti Zenu?

Leo sina habari za simu mpya wala mbinu za kuharakisha kompyuta ya zamani. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi wenyewe, waandishi wa programu wa Kenya na majirani zetu. Unahusu jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya kila kitu kuharibika: nani ana ruhusa ya kuchapisha pakiti zetu, na nani anajua kwamba anayo?

Nitasema mapema ili asiye na muda aondoke na neno lenyewe. Neno la siri moja linalotumiwa na watu sita halijawahi kuwa ushirikiano. Kama kampuni yako inachapisha kwa akaunti moja, na neno la siri la akaunti hiyo liko kwenye kikundi cha WhatsApp katikati ya picha za harusi, basi hamna usimamizi wa ruhusa. Mna bahati tu, na bahati haina tarehe ya kuisha inayoandikwa mahali.

Kwa wageni wa mambo haya, maelezo mafupi. Wanaoandika JavaScript hawaandiki kila kitu upya. Kuna rejista kubwa inayoitwa npm ambako watu huweka vipande vya programu vilivyo tayari. Kila kipande ni pakiti, kama pakiti ya unga dukani: ina jina, ina namba ya toleo, unaichukua na kupika. Mwandishi akimaliza kazi anaandika <code>npm publish</code>, na baada ya muda mfupi mtu aliye Kisumu, Dodoma au Oslo anaweza kuandika <code>npm install</code> akaipata. Pakiti moja hutegemea nyingine, na hiyo nyingine hutegemea nyingine tena, hata tovuti ndogo ya duka la nguo inaweza kubeba mamia ya pakiti ambazo mwenye duka hajawahi kuzisikia.

Sasa fikiria. Mwenye ruhusa ya kuchapisha toleo jipya anaweza kuingiza msimbo wake katika kompyuta za watu asiowahi kuwaona. Rejista haikai ikisoma kila toleo mstari kwa mstari kabla halijatoka. Lango lenyewe ni ile ruhusa. Hakuna lango lingine nyuma yake.

Miaka michache iliyopita niliitwa na kampuni moja ya Nairobi, sitaitaja, kuwasaidia kurekebisha pakiti yao ya malipo. Hitilafu haikuwa kubwa: senti zilikuwa zikikadiriwa vibaya, na wateja wa wateja wao wakawa wanatozwa shilingi moja zaidi mara kwa mara. Marekebisho yalichukua nusu saa. Kisha nikauliza, "Nani anachapisha?" Kimya. Nikaandika amri moja, na jina likatoka moja tu: la kijana aliyekuwa ameacha kazi miaka miwili kabla, akaenda Ghuba. Walimpigia simu, naye kwa uungwana wake akakubali kusaidia. Lakini simu iliyokuwa ikimpa namba za uthibitisho ilikuwa imepotea, na anwani ya barua pepe ya akaunti ilikuwa ya kikoa ambacho kampuni ilikiacha kife ilipobadilisha jina. Barua ya kurejesha akaunti ilikuwa inatumwa kwenye sanduku lisilokuwepo.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Mwishowe walichapisha chini ya jina jipya, wakawapigia wateja simu mmoja mmoja kuwaambia wabadilishe. Pakiti ya zamani ikabaki palepale, na hesabu yake mbovu, na bado kulikuwa na watu wanaoipakua. Bosi akaniuliza kwa uchungu, "Lakini si tulimwamini?" Ndiyo, mzee, mlimwamini, na hakuwakosea lolote. Ninyi ndio hamkumpokonya ufunguo alipoaga, na hamkuwa na ufunguo wa pili.

Na hicho kikoa kilichokufa ni hatari kuliko mnavyodhani. Kikoa kikiachwa, mtu mwingine yeyote anaweza kukinunua, iwe ni <code>.co.ke</code> au <code>.com</code>. Akikinunua anaweza kuunda upya ile anwani, akaomba neno jipya la siri, na kama akaunti haina kinga ya hatua ya pili basi pakiti inaweza kuwa yake. Hii si hadithi ya kutisha watoto. Watafiti waliochunguza rejista ya npm walitoa matokeo yao mwaka 2022, wakakuta akaunti zaidi ya 2,800 za wasimamizi ambazo barua pepe zake zilikuwa za vikoa vilivyokwisha muda. Ada ya kikoa cha <code>.co.ke</code> kwa mwaka haifiki bei ya tairi la bodaboda. Lipeni.

Hapa Kola ninakoishi, kusini mwa mji wa Machakos, jambo hili lilitatuliwa zamani bila kompyuta. Nenda kwenye kikundi chochote cha kina mama cha kuweka na kukopa siku ya mkutano. Utaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Kila mmoja anamjua aliye na ufunguo gani, maana imeandikwa kwenye kitabu. Mtu akihama, akiolewa mbali, akichoka, ufunguo unarudishwa mbele ya wote. Na sijawahi kumsikia mama yeyote akinung'unika kwamba kufuli tatu ni kumtilia shaka. Wanajua kufuli zinamlinda mwenye ufunguo pia: pesa zikipungua, hakuna anayeweza kumsingizia peke yake.

Halafu mtoto wa mama huyohuyo anaenda Nairobi, anapata shahada ya kompyuta, anakuja kuniambia kwamba "kwetu ofisini tunatumia akaunti moja kwa sababu tunaaminiana." Jameni!

Niwe mkweli, mfano wa sanduku una mpaka wake. Kwenye npm kawaida mtu mmoja mwenye ruhusa anatosha kuchapisha. Haombwi awasubiri wenzake wawili. Ndiyo sababu hasa ya kuwahesabu wenye ruhusa kwa makini. Mama wa Kola anaweza kuwa na mwenzake asiyeaminika na sanduku likabaki salama. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Tuingie kwenye terminali. Amri ya kwanza ambayo ningependa uiandike leo, kabla ya chai, ni hii:

<code>npm owner ls jina-la-pakiti</code>

Itakupa orodha ya wamiliki. Kuna ndugu zake wawili, <code>npm owner add</code> ya kuongeza mtu na <code>npm owner rm</code> ya kumwondoa. Zinaonekana nyepesi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu amri hii inajua hali mbili tu: una ruhusa, au huna. Hakuna nusu. Ukimwongeza mtu ili akusaidie kuchapisha toleo moja Ijumaa jioni, umempa pia uwezo wa kuwaongeza wengine na uwezo wa kukuondoa wewe. Ni kama kumwazima mtu jembe ukampa na hati ya shamba.

Mwaka 2018 ulimwengu uliona maana yake. Pakiti iitwayo event-stream ilikuwa ikipakuliwa karibu mara milioni 2 kwa wiki. Mwandishi wake, Dominic Tarr, alikuwa ameshaacha kuitumia. Aliitunza bure kwa miaka. Akaja mtu asiyemjua, mpole, mwenye bidii, akajitolea kuisimamia. Akapewa. Mtu huyo akaongeza kipande kingine kiitwacho flatmap-stream, na ndani yake akaficha msimbo uliolenga pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Iligunduliwa Novemba mwaka huohuo. Watu walimtukana sana Tarr. Mimi sikuwa miongoni mwao, na bado naona walimwonea: mtu anayefanya kazi bure hana deni na kampuni zilizokula jasho lake bila hata kuuliza hali yake. Lakini somo kuhusu chombo lipo. Alikuwa na njia mbili tu, kuendelea kubeba peke yake au kumkabidhi mgeni kila kitu.

Miaka miwili kabla, tarehe 22 Machi 2016, tuliona upande wa pili wa shilingi. Azer Koçulu aligombana na npm juu ya jina la pakiti yake kik, akaondoa pakiti zake zote 273. Moja ilikuwa left-pad, mistari 11 tu ya msimbo unaojaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Miradi ikaanguka duniani kote mpaka npm wakairudisha. Mtu mmoja, ufunguo mmoja, hasira moja.

Kwa hiyo dawa ni nini? Kwa pakiti za kazi, za kampuni au za kikundi, acheni kuchapisha majina matupu chini ya akaunti ya mtu. Fungueni shirika kwenye npm. Kwa pakiti za umma hulipi hata senti. Mkishakuwa na shirika, majina yenu yanakuwa na familia, kwa mfano <code>@kampuni/malipo</code>, na hapo amri zenye akili zaidi zinaanza kufanya kazi:

<code>npm org set kampuni mwende developer</code>
<code>npm team create @kampuni:wachapishaji</code>
<code>npm team add @kampuni:wachapishaji mwende</code>
<code>npm access grant read-write @kampuni:wachapishaji @kampuni/malipo</code>

Mstari wa kwanza unamwingiza Mwende katika shirika, kwa akaunti yake mwenyewe na neno lake la siri ambalo hata bosi halijui. Wa pili unaunda timu, wa tatu unamweka ndani yake, na wa nne unaipa timu hiyo ruhusa ya kusoma na kuandika, yaani kuchapisha, kwa pakiti moja uliyoitaja. Siyo zote. Mmoja! Mwende akihamia kampuni nyingine mnaandika <code>npm org rm kampuni mwende</code>, mnamnunulia keki, mnaachana kwa amani.

Ila kuna jambo ambalo mafunzo mengi hayalisemi, na hapa nina neno na npm wenyewe. Kila shirika likifunguliwa linazaliwa na timu iitwayo <code>developers</code>. Kila mwanachama mpya huingizwa humo bila kuulizwa, na kila pakiti mpya ya shirika huipa timu hiyo ruhusa ya kuandika. Maana yake unaweza kuunda timu nzuri ya watu wawili, ukajipongeza, na bado yule kijana wa mafunzo ya miezi mitatu anaweza kuchapisha pakiti ya malipo. Mpangilio wa mwanzo wa kitu cha usalama ungepaswa kuwa mlango uliofungwa. Wao wameuacha wazi wakaweka kitambaa cha mlangoni. Basi usisahau mstari huu:

<code>npm access grant read-only @kampuni:developers @kampuni/malipo</code>

Kisha hakikisha kwa macho yako:

<code>npm access list collaborators @kampuni/malipo</code>

Utaona kila jina na ruhusa yake. Ukiona jina usilolitambua, usiendelee na kazi nyingine.

Onyo dogo: ukitafuta mtandaoni utakuta maelekezo ya zamani yanayosema <code>ls-collaborators</code> au <code>2fa-required</code>. Toleo la 9 la npm, lililotoka mwaka 2022, lilibadilisha maneno hayo. Sasa kinga ya hatua ya pili kwa pakiti inawekwa hivi: <code>npm access set mfa=publish @kampuni/malipo</code>. Ukiandika amri ya kale ikakataa, usidhani umekosa wewe. Na jingine: pakiti zenye jina la familia huzaliwa zikiwa za faragha, ambazo ni za kulipia, kwa hiyo mara ya kwanza andika <code>npm publish --access public</code> kama unataka watu waione. Watu wengi wamekwama hapo wakarudi kwenye majina matupu kwa hasira.

Najua nitakachojibiwa. "Ndugu, sisi ni wadogo. Nani atahangaika na kampuni ya watu wanne ya Machakos?" Jibu hilo lilikuwa na uzito kidogo zamani, mshambuliaji alipokuwa mtu anayechagua. Septemba 2025 alikuja mnyoo aliyeitwa Shai-Hulud. Ulikuwa ukiingia kwenye kompyuta ya mwandishi kupitia pakiti iliyochafuliwa, unatafuta tokeni za npm zilizolala ndani ya mafaili, kisha unatumia tokeni hiyo kuchapisha nakala zake katika pakiti nyingine ambazo mwenye kompyuta ana ruhusa nazo. Pakiti zaidi ya 500 zilichafuliwa. Novemba ukarudi kwa sura nyingine. Mnyoo hauangalii kama ofisi yako iko Westlands au juu ya duka la dawa za mifugo. Unaangalia kitu kimoja: ruhusa zako zinafika wapi. Aliyekuwa na ruhusa ya pakiti moja alihatarisha moja. Aliyekuwa mmiliki wa arobaini, kwa sababu tu "tulimwongeza kila mahali isije ikawa shida," alihatarisha arobaini.

Ndiyo maana napiga kelele kuhusu mipaka. Ruhusa usiyoihitaji si heshima uliyopewa, ni mzigo wa mtu mwingine uliouweka mgongoni mwako.

Na sisi si wadogo hivyo. Tangu Safaricom walipofungua Daraja mwaka 2017, programu yoyote inaweza kuzungumza na M-Pesa. Tafuta neno <i>mpesa</i> kwenye rejista ya npm, utakuta pakiti nyingi za watu binafsi waliotaka kuwarahisishia wenzao. Kazi nzuri, nawashukuru. Lakini angalia zinapokaa: ndani ya seva ya duka, ya shule, ya kanisa, jirani kabisa na funguo za siri za namba ya malipo. Toleo moja lenye nia mbaya linaweza kuzisoma funguo hizo na kuzipeleka lipendako. Kabla hujaweka pakiti kama hiyo, andika <code>npm owner ls</code> na jina lake. Ukiona jina moja tu, na toleo la mwisho ni la miaka minne iliyopita, unajua unatembea na nani gizani. Haimaanishi uikimbie. Inamaanisha ufunge namba ya toleo, uisome, na kama unaweza umwandikie mwenyewe kumwuliza kama anahitaji msaidizi. Wengi wangefurahi kuulizwa.

Mfano unaonigusa zaidi si wa pesa. Ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na kazi iliyokuwa ikifanyika Eldoret, watu wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi. Mfumo uliotokana nao ulianza kutumika kule Eldoret mwaka 2006. Leo hii OpenMRS inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vya afya vya serikali katika kaunti zetu, imejengwa juu yake. Programu huria iliyokulia kwetu, msomaji wangu. Tujivunie.

Sasa sikiliza. Katika kizazi cha tatu cha OpenMRS, skrini anayoitazama muuguzi imeunganishwa kutokana na pakiti nyingi ndogo: ya kuandikisha mgonjwa, ya dawa, ya vipimo, ya miadi. Nyingi kati ya hizo zinakaa npm chini ya familia ya <code>@openmrs</code>, na za Kenya chini ya <code>@kenyaemr</code>. Anayejenga mfumo wa kituo huandika orodha ya pakiti na matoleo, kisha zinavutwa na kuunganishwa. Sisemi kuna kasoro katika usimamizi wao, sina sababu ya kusema hivyo, na wametumia majina ya familia kama inavyotakiwa. Ninachosema ni hiki: mwanamke anayesubiri dawa zake za kila mwezi kwenye benchi la kituo cha afya hajui npm ni nini, na hana haja ya kujua. Lakini swali la nani ameandikwa kwenye ile orodha ya wenye ruhusa ya kuandika linamhusu kuliko linavyomhusu mwandishi wa programu. Jina lake, hali yake, dozi yake vinapita kwenye skrini hiyo. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayodai kila anayeshika taarifa za watu azilinde. Wanasheria husoma sheria hiyo wakafikiria makabati na fomu za ridhaa. Mimi nikiisoma nafikiria <code>npm access</code>.

Kuna jibu jingine ambalo huniudhi zaidi ya lile la udogo. "Mimi ndiye niliyeiandika, kwa hiyo mimi ndiye mmiliki." Kama uliiandika usiku kwako, kwa umeme wako, ni kweli na sina neno, iweke chini ya jina lako na uwe huru hata kuiua. Lakini kama ni kazi ya kikundi? Sisi Wakamba tuna mwethya, kazi ya pamoja ya kujenga matuta na mabwawa. Utooni, kikundi kilichoanza mwaka 1978 katika vijiji vya hapa karibu, kilipata sifa nje ya nchi kwa mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa namna hiyo: watu wanabeba mawe, mvua inaleta mchanga, mchanga unahifadhi maji. Kila bwawa lina mtu aliyebeba mawe mengi kuliko wengine. Hakuna bwawa hata moja ambalo mtu huyo anakwenda nalo akihamia Mombasa. Anaheshimiwa, jina lake linatajwa, na maji yanabaki. Jina la mwandishi liandikwe kwenye pakiti milele, nakubaliana kabisa. Ruhusa ya kuchapisha ni kitu kingine.

Na mabosi nao wasicheke. Nimewaona wale wanaotaka wao peke yao ndio wawe wamiliki, ilhali hawajui hata terminali inafunguliwaje. Matokeo yake kijana anapewa neno la siri la bosi, anachapisha kwa jina la bosi, na siku mambo yakiharibika kumbukumbu zinaonyesha bosi alichapisha virusi saa nane usiku. Weka watu wawili au watatu wenye ngazi ya umiliki wa shirika, wasiosafiri kwenye gari moja kama inawezekana, na wengine wote wapewe ngazi ya chini.

Wapo wanaouliza kwa nini nasisitiza mstari wa amri wakati tovuti ya npm ina vitufe vizuri. Kwanza, mtandao wa huku kwetu. Amri moja hutumia data kidogo kuliko ukurasa wenye picha na rangi. Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba kitufe hakiachi kumbukumbu unayoweza kuiweka mfukoni. Ukibofya mara kumi na mbili leo, mwezi ujao hutakumbuka ulibofya wapi. Amri unaziandika kwenye faili, mwenzako anazisoma kabla hazijaendeshwa, na zinakaa kwenye Git pamoja na msimbo. Mimi kila Jumatatu asubuhi kompyuta inaniendeshea hii:

<code>npm access list collaborators @kampuni/malipo --json > wenye-funguo.json</code>
<code>git diff wenye-funguo.json</code>

Kama hakuna kilichobadilika, haitoi neno. Kama kuna jina jipya au ruhusa iliyopanda, naiona kabla ya kufungua barua pepe. Hicho ndicho kitabu cha kikundi, mistari miwili tu. Ukiwa na pakiti ishirini, zungusha amri hiyohiyo kwenye orodha ya majina.

Bado kuna tokeni, na hizi ndizo funguo ambazo watu husahau kwamba ni funguo kwa sababu hazina uso. Mashine ya kuchapisha kiotomatiki huhitaji kujitambulisha, basi mtu anatengeneza tokeni na kuibandika kwenye faili <code>.npmrc</code>, mara nyingine anaisukuma hadi GitHub bila kujua. Julai 2018 tokeni iliyoibwa kwa msimamizi mmoja ilitumika kuchapisha toleo bovu la eslint-scope, lililokuwa likiiba tokeni za wengine. Npm wakafuta tokeni zote zilizotolewa kabla ya tukio. Andika <code>npm token list</code> uone zako. Usiyoikumbuka, ifute kwa <code>npm token revoke</code>. Tokeni za mtindo wa zamani, zisizokwisha muda, zilizimwa kabisa Desemba 2025, na zile mpya zenye ruhusa ya kuandika huisha ndani ya siku 90 zisizozidi. Nimeona manung'uniko mengi kuhusu hizo siku 90, hasa kutoka kwa watu waliokuwa na tokeni za mwaka 2017. Kwa wenye kuchapisha kupitia GitHub Actions au GitLab kuna njia bora iliyofunguliwa rasmi Julai 2025: unaiambia npm kwamba mradi fulani, faili fulani la kazi, ndilo lenye ruhusa, na mashine inapewa kibali cha muda mfupi kila inapochapisha. Hakuna tokeni ya kuhifadhi, kwa hiyo hakuna ya kuiba.

Hata hivyo hatua ya pili si hirizi. Tarehe 8 Septemba 2025 pakiti 18, zikiwemo chalk na debug, zilichafuliwa baada ya msimamizi wake kupokea barua iliyofanana kabisa na ya npm, kutoka kikoa cha npmjs.help, ikimtaka asasishe uthibitisho wake. Alikuwa na kinga ya hatua ya pili. Ukurasa wa uongo ulimwomba namba hiyo pia, akaipa. Pakiti hizo kwa pamoja zilikuwa zikipakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Ukipata barua ya kukuharakisha, usibofye kiungo kilichomo. Fungua terminali, andika <code>npm profile get</code>, uangalie hali ya akaunti yako kutoka kwenye chanzo chenyewe.

Wiki ijayo, umeme ukiruhusu, nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuhamisha pakiti kutoka jina tupu kwenda jina la familia bila kuwavunjia wateja tovuti zao. Wenye pakiti za aina hiyo anzeni kwa kuandika orodha yake na jina la mmiliki kando ya kila moja.